Kirusi cha Flashi Hakisubiri Bando: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Dodoma.

YAH: PROGRAMU ZA KUZUIA VIRUSI ZIFANYE KAZI HATA INTANETI ISIPOKUWEPO

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Gulwe, wilayani Mpwapwa. Ombi langu ni moja, na naliweka mwanzoni ili usihangaike kulitafuta: kingavirusi yoyote inayonunuliwa kwa fedha za umma, iwe ya shule, zahanati, ofisi ya kata au makao makuu ya halmashauri, ilazimike kufanya kazi zake za msingi bila intaneti. Kazi ninazozisema ni kukagua faili linapofunguliwa, kukagua flashi inapochomekwa, kuizuia programu inayoanza kufunga mafaili ya mtu, kukitenga kirusi kilichokamatwa, na kumrudishia mwenye mali faili lililotengwa kimakosa. Haya yote kompyuta inaweza kuyafanya yenyewe, kwa vilivyomo ndani yake, bila kumuuliza mtu aliye ng'ambo.

Ninaendesha duka la steshenari. Tunachapa, tunaprinti, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, tunaingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Mwalimu analeta mtihani wa muhula. Mtendaji wa kijiji analeta muhtasari wa mkutano. Katibu wa kwaya analeta rekodi mpya anataka nakala za kuuza, na mhudumu wa zahanati analeta fomu zilizokwisha. Siku ya mnada ndiyo usiseme: wafugaji wanatoka vijijini na redio zao, kila mmoja na flashi yake, na zote zinapita kwenye mashine zilezile. Jioni flashi hizo zinatawanyika. Ya mwalimu inarudi kwenye kompyuta ya shule. Ya mtendaji inapanda bodaboda kwenda kata, na siku mbili tatu baadaye faili lililomo linafunguliwa Mpwapwa mjini, kwenye meza ya ofisa ambaye mimi simjui na yeye hanijui.

Naeleza hivyo ili uone kirusi cha huku kinavyosafiri. Hakihitaji mnara wa simu. Kinahitaji mkono wa mtu na tundu la USB.

Kilichozoeleka zaidi sote tunakiita virusi vya shotikati. Unachomeka flashi, unaifungua, na ndani yake kuna kitu kimoja tu: ikoni yenye kishale kidogo pembeni, imeandikwa jina la flashi yenyewe. Mtihani haupo. Muhtasari haupo. Nimeona watu wazima wakikaa chini kwenye benchi la nje, wamenyamaza, kwa sababu kazi ya wiki nzima imetoweka. Kumbe haijaenda popote. Kirusi kimeyaficha mafaili, kikaweka hiyo njia ya mkato badala yake. Ukiibofya, mafaili yako yanafunguka vizuri kabisa, na kwa mbofyo huohuo kirusi kinaamka na kuhamia kwenye kompyuta. Mtu anafurahi kwamba kazi yake ameipata, anaendelea na shughuli zake. Vijana wa steshenari wanajua dawa ya haraka: unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika attrib -h -r -s /s /d na herufi ya flashi, unabonyeza Enter, mafaili yanajitokeza moja baada ya jingine. Lakini amri hiyo inafichua tu kilichofichwa. Kirusi chenyewe kimeshaingia kwenye mashine na kinaisubiri flashi inayofuata. Kukiondoa huko ni kazi ya kingavirusi.

Na hapo ndipo ninapokwama, pamoja na wateja wangu. Mwalimu mmoja alikuja na kompyuta mpakato ya shule, yenye kingavirusi ya kulipia, leseni yake bado hai. Jina la bidhaa naliacha, kwa kuwa hii si barua ya kuishtaki kampuni moja. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na mtandao ulikuwa hauna hata kijistari. Tulichomeka flashi yake. Kingavirusi ikafungua kidirisha, mduara ukazunguka, ukazunguka, kisha maandishi yakaja: ukaguzi haukukamilika, unganisha intaneti kisha ujaribu tena. Chini ya maandishi palikuwa na kitufe kimoja, cha kujaribu tena. Hapakuwa na kitufe cha kukagua kwa orodha iliyomo ndani, wala cha kuizuia flashi isifunguke mpaka ikaguliwe. Ikoni yenye kishale ilikuwa palepale mbele yetu, na kirusi cha namna ile kimejulikana kwa miaka mingi. Programu iliyolipiwa kwa fedha za shule ilikuwa imekaa kando, inasubiri bando.

Najua kwa nini watengenezaji walikwenda huko, na sababu zao zina uzito. Taasisi ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, husajili programu hatari na zisizotakiwa mpya zaidi ya 450,000 kila siku. Orodha kubwa namna hiyo huwezi kuipakia yote kwenye kompyuta kuukuu yenye RAM ya gigabaiti mbili, na hata ukiipakia, kesho asubuhi imeshapitwa. Kwa hiyo kampuni zikaiweka orodha kwenye seva zao. Kompyuta ikikutana na faili isilolijua inatuma alama ya faili hilo, na jibu linarudi baada ya sekunde chache. Mashine inabaki nyepesi, na kirusi kilichoonekana Brazil asubuhi kinaweza kuzuiwa Dodoma mchana. Sitaki mpango huo ufutwe. Ninachokipinga ni hatua iliyofuata, pale baadhi ya kampuni zilipoona kwamba, maadamu seva ipo, kilichobaki ndani ya kompyuta ya mteja kinaweza kupunguzwa mpaka kisiweze kusimama peke yake.

Tofauti hiyo inapimika. Maabara ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, imekuwa ikitoa takwimu mbili kando kando: bidhaa inagundua virusi kiasi gani ikiwa na intaneti, na kiasi gani ikiwa haina. Zikiwa na intaneti, bidhaa nyingi hukaribiana sana, unaweza kufumba macho ukachukua yoyote. Intaneti ikichomolewa zinaachana. Zipo zinazopungua kidogo tu, na zipo zinazoporomoka vibaya. Ofisa manunuzi anayesoma maandishi ya kwenye boksi haioni takwimu ya pili, kwa sababu hakuna muuzaji atakayeiandika hapo kwa hiari yake.

Kuna matukio mawili ya dunia ambayo naomba wataalamu wako wayatazame kwa jicho la mtu anayekaa mbali na mtandao.

La kwanza ni WannaCry, ya Mei 12, 2017, iliyofunga mafaili ya hospitali, viwanda na ofisi katika nchi zipatazo 150. Kabla ya kufunga chochote, programu ile ilikuwa inajaribu kuifikia anuani moja ya ajabu kwenye intaneti. Ikiipata, inaacha. Kijana wa Kiingereza, Marcus Hutchins, aliiona anuani hiyo ndani ya programu, akaisajili kwa dola zisizofika 11, na wimbi likapungua kasi duniani kote. Wengi tunalikumbuka kwa ushujaa huo. Lakini soma tena sharti lenyewe: ikiipata. Kompyuta isiyo na intaneti, iliyounganishwa na wenzake kwa waya wa ndani ya ofisi tu, haikuweza kuifikia anuani ile. Ikiambukizwa na jirani yake, ilifungwa mafaili kana kwamba Hutchins hakufanya kitu. Nafuu iliwafikia walioungwa na intaneti.

La pili ni la flashi hasa. Septemba 2023 kampuni ya Sekoia ya Ufaransa ilijipatia kwa dola 7 anuani iliyokuwa ikitumika kuendesha aina moja ya kirusi PlugX, inayosambaa kwa USB na kujificha nyuma ya njia ya mkato yenye jina la flashi, vilevile kama nilivyoeleza. Ndani ya miezi sita ikapigiwa hodi na anuani za IP zipatazo milioni 2.5, kutoka nchi zaidi ya 170. Julai 2024 mamlaka za Ufaransa zikaanza kutuma amri ya kukifuta kirusi kwenye kompyuta zilizokuwa zikipiga hodi. Kazi nzuri sana. Ila Sekoia wenyewe walieleza kwamba amri ya namna hiyo haiifikii kompyuta isiyo na intaneti, na kwamba flashi iliyolala kwenye droo itaamka na kirusi chake siku itakapochomekwa. Wanaobaki na ugonjwa ni wale ambao kingavirusi yao haiwezi kufanya kazi peke yake.

Hata virusi vya zamani vya kompyuta vilisafiri kwa mkono wa mtu. Kirusi Brain cha mwaka 1986 kiliandikwa na ndugu wawili mjini Lahore, Pakistan, kikavuka bahari kwa disketi mikononi mwa wasafiri. Stuxnet, iliyogunduliwa 2010, iliingia kwenye mitambo ya Natanz nchini Iran, mitambo isiyounganishwa na intaneti, na moja ya njia zake ilikuwa kasoro ya Windows katika kuonyesha ikoni za njia ya mkato: kuifungua flashi na kuitazama tu kulitosha. Na wakati wa disketi kampuni kama Dr Solomon's ya Uingereza zilikuwa zikiwatumia wateja orodha mpya ya virusi kwa posta, ndani ya bahasha. Mteja wa mwaka 1992 asiye na intaneti alihudumiwa. Wa leo anaambiwa ajaribu tena.

Utaniambia, na ni haki yako, kwamba dawa ni kufikisha intaneti vijijini, na kwamba Serikali inaifikisha. Ni kweli. Mei 13, 2023, hapo Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya minara 758 katika kata 713, na minara hiyo inabadilisha maisha ya watu. Lakini Gulwe inajua maana ya kutegemea njia moja. Mwishoni mwa Desemba 2009 mafuriko yaliibomoa reli kati ya Kilosa na hapa, na kwa miezi mingi treni za abiria za Kigoma na Mwanza zikawa zinaanzia Dodoma. Reli ilikuwepo, imejengwa tangu enzi za Mjerumani, na bado ilikatika. Intaneti nayo inakatika. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hata Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga huduma kwa umma kwa siku mbili. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimika nchi nzima, na zikapita siku kadhaa kabla haijarudi. Siku zote hizo flashi ziliendelea kutembea. Kwa kweli zilitembea zaidi, kwa sababu faili lisiloweza kutumwa kwa WhatsApp linabebwa mkononi.

Kwa hiyo kanuni ninayoiomba ni hii: hatari inayofika bila intaneti izuiwe bila intaneti. Kwa tovuti za kitapeli na barua pepe za kuiba nywila, sina ugomvi na mtengenezaji anayetaka uwe umeunganishwa ndipo akulinde, kwa kuwa bila intaneti tapeli wa namna hiyo hakufikii. Flashi ni jambo lingine kabisa.

Wapo watakaosema orodha iliyokaa wiki tatu bila kuongezwa inampa mtu matumaini ya uongo. Hoja hiyo nimeifikiria sana, maana ndiyo nzito kuliko zote. Jibu langu la kwanza linatoka mezani kwangu: virusi vingi ninavyokutana navyo kwenye flashi za huku ni vikongwe, ni jamii zile zile zinazozunguka miaka nenda miaka rudi, na orodha ya wiki tatu, hata ya miezi mitatu, inavijua. La pili ni kwamba kingavirusi nzuri haitegemei orodha peke yake. Inatazama tabia. Programu inayoyaficha mafaili yote ya flashi kwa mkupuo mmoja na kuweka njia za mkato badala yake inajitambulisha yenyewe kwa kitendo, na kitendo hicho hakihitaji kuthibitishwa na seva ya California. La tatu, mtu aambiwe ukweli. Kidirisha kiseme: orodha yako ni ya tarehe fulani, imekaa siku 20, nimekagua kwa hiyo niliyonayo, nimekuta hiki, faili hili silijui. Mwalimu akisoma hivyo ataamua kwa busara. Akiambiwa aunganishe intaneti mahali pasipo na intaneti, hana cha kuamua.

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inaipa Mamlaka yako nguvu ya kuweka viwango na miongozo ya TEHAMA kwa taasisi za umma. Naomba mwongozo wa ununuzi wa kingavirusi udai mambo haya yaandikwe kwenye mkataba. Muuzaji alete matokeo ya majaribio bila intaneti kutoka maabara huru, sambamba na yale anayojivunia. Leseni ikishawashwa isizime ulinzi kwa kuwa tu kompyuta haijaonekana mtandaoni kwa muda. Mwaka uliolipiwa ni mwaka. Orodha mpya ipatikane kama faili la kupakua mahali pamoja na kubebwa kwenda pengine. Hili la mwisho linawezekana leo hii. Microsoft wanatoa faili la namna hiyo kwa ajili ya kingavirusi yao, Defender, lenye zaidi ya megabaiti 100, na ClamAV, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, hifadhidata zake ni mafaili unayoweza kuyanakili kama wimbo.

Kubeba orodha kwa flashi kuna hatari yake, na ningeshangaa kama wataalamu wako wasingeiuliza. Mtu mwovu anaweza kutengeneza faili bandia na kulipa jina la sasisho. Dawa ipo: faili libebe sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji, na kingavirusi iihakiki sahihi hiyo yenyewe, ndani ya mashine, kabla ya kulipokea. Hesabu ya uhakiki huo nayo haihitaji intaneti. Kuhusu usambazaji, Mamlaka inaweza kuweka nakala ya mafaili haya kwenye mtandao wa Serikali. Ofisa TEHAMA wa halmashauri akayapakua mara moja kwa wiki kwa muunganisho wa ofisi, na maofisa elimu kata na waganga wafawidhi wakayachukua wanapokwenda Mpwapwa kwa vikao na vifaa, safari ambazo wanazifanya hata hivyo. Bando la mtu binafsi halitaguswa. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana ukiwa mjini, kwa sababu mwalimu anayeona megabaiti 100 zimeondoka kwenye simu yake kwa ajili ya kompyuta ya shule atazima masasisho, na mimi sitamlaumu.

Kompyuta hizi zimebeba nini? Matokeo ya watoto. Orodha za kaya. Kumbukumbu za wagonjwa ambao hawajui hata kwamba majina yao yameandikwa kwenye mashine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayezishika taarifa hizo azilinde, na haisemi azilinde pale tu mtandao unapokuwepo. Zaidi ya hapo, kompyuta ya kijijini ambayo mchana inachomekwa flashi zetu ndiyo usiku mtandao ukirudi inatumika kuingia kwenye mifumo ya Serikali kwa jina la mtumiaji na nywila. Kirusi kilichoingia mchana bila intaneti kinakuwa tayari kimekaa, kinasubiri vidole vianze kuandika.

Mimi ni mtu binafsi na mwongozo wako haunigusi moja kwa moja. Lakini Serikali ndiyo mteja mkubwa, na mtengenezaji akishalazimika kuiridhisha, bidhaa hiyohiyo itafika mpaka kwenye duka langu na ya wenzangu wa Godegode, Kidete na Kibaigwa. Kama wataalamu wako wanataka mahali pa kujaribia bidhaa kabla ya kuipitisha, waje nazo hapa siku ya mnada. Nitawapa meza na umeme, intaneti tutaizima, na flashi za majaribio hazitakosekana, kwa ridhaa ya wenyewe.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na halmashauri huandaa mipango ya manunuzi mapema kabla ya hapo. Mwongozo ukitoka ndani ya muda huo, ofisa TEHAMA wa Mpwapwa atakuwa na kifungu cha kumwonyesha muuzaji. Usipotoka, leseni zitanunuliwa za mwaka mzima mwingine kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye steshenari,
Gulwe, Mpwapwa.

Nakala: Timu ya kitaifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.